Nilisema Nimefuata Viatu

Kwa kuwa kila anayekuja kushonesha gauni hukaa kwenye kiti changu na kuuliza habari za China kabla sijampima hata kiuno, nimeona niandike mara moja, mpeane msome. Kushona na kusimulia haviendi pamoja. Nimeshaharibu mikono ya magauni mawili. Na najua habari mnayoitaka si ya maghorofa. Mnataka kujua imekuwaje nilikwenda kumlea mdogo wangu Zuhura, nikarudi kabla ya arobaini yake, nikamwacha mikononi mwa watu baki. Shangazi Mize alikuwa akiuliza hivyo hivyo, kisha akaacha kuuliza, maana aliacha kusema nami kabisa.

Kwa wasiomjua, Zuhura nami tumechangia baba. Yeye mweupe, mrefu, kachukua kwa mama yake; mimi mnaniona. Amekaa Guangzhou miaka kadhaa, anawapeleka wafanyabiashara wa kwetu viwandani, anawajadilia bei, anawafungia mizigo mpaka inaingia kontena. Mumewe ni baharia, na wakati ule alikuwa melini, huko simu haimfikii. Zuhura alishapoteza mimba mbili kule kule, zote akiwa peke yake, na sisi tulisikia mambo yameshapita. Hii ya tatu ilipoingia mwezi wa nane, Shangazi, ambaye ndiye aliyetulea, aliniita chumbani akafunga mlango.

"Huyu hazai peke yake," alisema. "Utakwenda umlee arobaini nzima, siku isipungue hata moja. Na mtu asijue umefuata nini. Ukiulizwa, sema umefuata viatu."

Mnajua kwetu mimba haitangazwi. Shangazi aliamini zile mbili zilikwenda na macho ya watu. Mimi nami niliamini, tusidanganyane.

Dar es Salaam hadi Dubai

Kutoka Tanga nilikuja Dar kwa basi, na ndani ya ndege nilikaa na bwana mmoja wa Kariakoo aitwaye Sefu, mwenye kofia ya kufuma na maneno yasiyoisha. Hatujafunga hata mikanda akaniuliza, "Dada, unafuata nini Guangzhou?"

"Viatu."

Uso ukamchanua. "Viatu! Basi umefika kwa mwenyewe. Mimi sijui biashara nyingine. Vya kike au vya kiume?"

Bidhaa zote za dunia, nimekaa na muuza viatu! Nikasema vya kike. Akanihoji kisigino, akanihoji soli, akanihoji ngozi ya kweli na ya kuigiza, mpaka nikajifanya nimelala. Usingizi wenyewe haukuwepo. Nilikuwa nikimwona Zuhura na tumbo lake amesimama uwanja wa ndege ananisubiri, miguu imemvimba.

Dubai tukakuta ukungu. Ndege haziruki, abiria wametandika mashuka sakafuni, watoto wanalia. Tulishinda pale, tukalala pale, tukaamkia pale. Walipotugawia wali na kuku kwenye maboksi, Sefu alikula lake, kisha akanisaidia langu, maana mimi nilikuwa nimesimama kwenye simu ya kulipia. Mara ya kwanza simu ya Zuhura iliita mpaka ikakatika. Baada ya hapo haikuita tena. Akawa ananijibu mwanamke wa kwenye mtambo kwa Kichina. Nilimsikiliza mwanamke yule mara nyingi mno, kana kwamba nikivumilia nitamwelewa.

"Unampigia nani na wasiwasi wote huo?" Sefu aliuliza.

"Wakala wangu. Anaitwa Zuhura." Nilishachoka kutunga.

"Zuhura wa mtaa wa Sanyuanli? Namjua sana. Hodari yule, Mchina akimuona anashusha bei mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Ila kipindi hiki simsikii. Sokoni haonekani."

Nikataka kumuuliza tangu lini, nani kamuona mara ya mwisho, alikuwa na hali gani. Lakini mteja wa viatu haulizi hali ya wakala wake kwa sauti inayotetemeka. Nikasema, "Aa, atakuwa na kazi nyingi," nikaenda msalani kulia.

Dubai hadi Guangzhou

Tulipotua Guangzhou, kwenye ukaguzi wa mizigo walilifungua begi langu. Shangazi alikuwa amelijaza mwenyewe: mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, liwa, udi, habasoda, karafuu, unga wa uji, na mfuko mkubwa wa pilipili manga na tangawizi iliyosagwa ya kutia kwenye uji huo. Afisa mmoja alinusa ule mfuko akamwita mwenzake. Mwenzake alinusa akamwita mkubwa wao. Mkubwa akaninyooshea kidole, kisha akanyooshea mdomo wangu.

Nikaelewa. Nikachota ncha ya kijiko, nikalamba mbele yao. Kwa hofu niliyokuwa nayo nilichota nyingi, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi yakanichuruzika kidevuni, na yule mkubwa akacheka akanipigia begi langu kofi kuniruhusu nipite. Nilitoka pale huku napiga chafya.

Sefu alikuwa ananingoja. Alilitazama begi likiwa bado halijafungwa vizuri. "Dada, na hivi vyote ni vya viatu?"

"Vya tumbo langu. Linanisumbua."

Nje, mlangoni pa abiria, watu walishika vibao vyenye majina. Nilivipitia vyote, nikarudi nikavipitia tena. Zuhura hayupo, wala kibao chenye jina langu hakipo. Ilikuwa Januari na hakuna aliyeniambia kwamba Guangzhou kuna baridi, baridi ya majimaji inayoingia hadi kwenye mifupa ya vidole. Sefu akasema, "Twende Sanyuanli, napajua kwake," na mimi, mwanamke wa watu, nikapanda teksi na mwanamume nisiyemjua, kwa sababu yeye ndiye peke yake katika nchi ile aliyekuwa anajua jina la mdogo wangu.

Sanyuanli

Jengo la Zuhura chini ni maduka ya jumla na ofisi za kusafirisha mizigo, juu ni vyumba vya kupanga. Sefu alinifikisha akaenda kuonana na wenzake, akaahidi kurudi baada ya chakula. Nilipanda ngazi na begi langu. Mlango wa Zuhura umefungwa kwa kufuli. Niligonga hata hivyo, maana mkono ulikuwa unataka kugonga.

Mlango wa pili ulikuwa wazi. Ndani ni saluni ya kusuka, na nyuma ya pazia mnapikwa. Mwenye saluni ni mwanamke mnene wa Kongo, wanamwita Mama Chantal. Kulikuwa na binti Mkenya anaitwa Njeri, mwanafunzi wa udaktari ambaye msimu wa maonyesho ya biashara huwatafsiria wageni kule Pazhou yanakofanyika, na wanawake wengine watatu wanne wa pande mbalimbali, Zanzibar, Uganda, mmoja sikujua wa wapi. Nilipotokea na begi wote waligeuka kunitazama.

"Karibu, ma soeur," akasema Mama Chantal, akiniita dada kwa Kifaransa. "Uko natafuta nani?"

"Namtafuta Zuhura. Mimi mteja wake, natoka Dar. Nimefuata viatu."

Waliangaliana. Nawaambia, waliangaliana, na mimi nikaona.

"Zuhura hayiko," akasema Mama Chantal taratibu. "Alienda Yiwu juu ya mizigo. Hatujue atarudia siku gani."

Yiwu! Huko ni safari ya treni, mbali. Mwanamke wa miezi minane, aliyeharibikiwa mara mbili, anakwenda Yiwu kufanya nini? Nilifungua mdomo niseme, "Hawezi kwenda Yiwu, ana mimba." Nikayaona yale macho yote yananitazama, nikamsikia Shangazi masikioni. Nikaufunga.

"Basi nitasubiri," nikasema.

Wakanikaribisha chakula, ugali na sombe, kisamvu chao kilichotiwa mawese, na samaki mkavu. Chakula kizuri. Njeri akaniambia kwa upole, "Aunty, unakaa umechoka sana. Pole. Uko na mahali pa kulala?" Yule Mzanzibari akanimiminia chai. Walikuwa wema, na wema wao ulinitia hofu zaidi, kwa sababu niliona kabisa kwamba wananificha kitu. Nikaanza kujiambia mdogo wangu amekufa na wanatafuta namna ya kunieleza. Halafu najiambia, watanieleza vipi wakati mimi ni mteja tu?

Zhanxi

Sefu alirudi. "Wakala hayupo? Usihangaike, mimi nitakutembeza. Mwaka Mpya wa Kichina uko mlangoni, keshokutwa hapa utakuta makufuli matupu."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Hayo ndiyo malipo ya uongo, unakuchukua mpaka unakotaka wenyewe. Nikaacha begi kwa Mama Chantal tukaenda soko la Zhanxi, jirani na stesheni kuu ya treni. Barabara nzima watu na mikokoteni, mikokoteni imepandishwa marobota mpaka msukumaji haonekani, nawe ukichelewa kupisha, shauri lako. Wenyeji nao wanarudi makwao kwa sikukuu, wamejitwika mabegi makubwa ya milia.

Sefu aliniingiza duka hili na lile. "Laoban!" anawaita wenye maduka, yaani bosi, na wao wanamwita laoban vilevile, kila mtu bosi. Anachukua kiatu, anakikunja, anakinusa, ananipa. Mimi nakikunja, nanusa. Anataja bei, mwenye duka anapiga ukelele, "Meiyou, meiyou," hakuna bei hiyo, tunaondoka, anatuita. Mwanamke mmoja alinikalisha kwenye kigoda akanivua ndala zangu mwenyewe na kunivalisha kiatu chekundu chenye kisigino. Alipogusa mguu wangu na kuona ulivyo baridi, akaushika kwa mikono yake miwili akausugua.

Hapo nikashindwa. Nililia mbele ya mwanamke yule, na ya Sefu, na ya wasukuma mikokoteni.

"Dada, kimebana?"

"Sikufuata viatu," nikasema. "Zuhura ni mdogo wangu. Ana mimba kubwa, Sefu. Nimekuja kumlea, na simpati, na wale wanawake wamenidanganya."

Mnielewe. Sijawahi kutamka neno hilo mbele ya mume wangu bila kuzungukazunguka, nikalitamka kwa mwanamume wa kukutana naye ndegeni, katikati ya soko. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Lakini hofu ilishaipita haya.

Sefu alisimama na kiatu mkononi. "Sasa mbona hukusema tangu jana? Wale kina mama ndio wenye wajawazito wote wa Sanyuanli! Mke wangu mwenyewe walimpeleka hospitali wao. Dada yangu, mficha uchi hazai!" Tayari alishatoa simu. Alizungumza maneno machache akanipa.

"Ni weye dada ya Tanga?" Mama Chantal alipiga kelele hata mwenye duka akageuka. "Seigneur! Tulikungojea aéroport jana, hukutoka! Mbona ulisema uko mteja?"

"Na ninyi mbona mlisema Yiwu?"

"Ni Zuhura! Alitukataza kabisa. Alisema mtu yeyote akiniuliza, semeni Yiwu, mimba yangu isijulikane." Akavuta pumzi. "Kuja, ma soeur. Kuja mbio. Yuko hospitali."

Kumbe Shangazi alitulea wawili.

Stesheni hadi hospitali

Teksi hazikuwa zikienda kokote kwa msongamano. Tukakata kuelekea treni ya chini kwa chini, Sefu mbele akipasua umati kwa mabega, mimi nyuma nimeshika upindo wa koti lake. Kituo kimoja tu. Sijawahi kupanda kituo kirefu namna ile.

Njeri alikuwa getini. Alinieleza huku tunatembea, na maneno yake niliyasikia moja moja. Shinikizo la damu la Zuhura lilipanda ghafla siku iliyopita, wakamlaza, na simu yake ikaisha chaji. Madaktari walitaka kumpasua wamtoe mtoto, wakichelewa ataanza kifafa cha mimba. "Lakini alikataa, Aunty. Tangu asubuhi anasema hakatwi mpaka dada yake afike. Tumembembeleza hadi tukachoka."

Tangu asubuhi! Nikiwa nakula sombe kwenye saluni ya jirani yake. Nikiwa nakunja viatu. Nikamshika Njeri mkono.

"Yuko wapi nimwone?"

"Ameingia upasuaji sasa hivi. Mama Chantal alikimbia akamwambia umepatikana, uko njiani. Akakubali."

Kwa hiyo sikumwona. Niliwakuta wale wanawake wa saluni wamekaa kwenye benchi la ukumbini, na wengine ambao sikuwaona mwanzo. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, tangu jana hawajamwacha. Yule Mzanzibari alikuwa akisoma Yasini kwa sauti ya chini, Mama Chantal anavuta rozari, Mganda amefumba macho. Walisogea wakanipa nafasi katikati. Nilikuwa nimewaogopa kutwa nzima nikihofia husda ya macho yao, nikajibana katikati yao, na Mama Chantal akanifunika kitenge chake bila kukatisha sala.

Muuguzi alipotoka aliongea na Njeri. Nilitazama uso wa Njeri, nikashindwa kuusoma. Kisha akakaa chini sakafuni, akacheka huku analia. "Msichana. Mdogo sana, lakini analia. Na mama yuko sawa."

Nilipoingia kwa Zuhura alikuwa bado na dawa. Alifumbua macho, akanitazama, akanijua, akatabasamu. Halafu akauliza, "Mama Chantal yuko wapi?" Iliniuma. Nimevuka bahari, na anayeulizwa ni mwingine. Nikatoka nikamwita.

Chumbani kwa Zuhura

Tuliporudi nyumbani nilitoa mkaja wangu na nikachemsha maji ya kumkanda. Njeri akasimama mlangoni kama askari. "Aunty, hapana. Ana kidonda, huwezi kumkanda tumbo wala kumfunga." Mimi nikamwambia wewe mtoto hujazaa. Yeye akaniambia kidonda hakijui nani amezaa. Tulinuniana kutwa. Mama Chantal akasuluhisha: nimkande mgongo na miguu, tumbo liachwe mpaka daktari aseme.

Kila siku mmoja wao alikuja. Hawana ofisi, hawana muhuri wala jina, wanaitana kina mama tu. Anayejua Kichina huenda na mgonjwa, mwenye jiko hupika, mwenye duka huangalia mali ya mwenzake. Kontena la Zuhura lililokuwa linasubiri kufungwa kabla ya sikukuu walilifunga wao, wakajibu simu za wateja, na hakuna mteja aliyempoteza. "Mwanamke akizaa hapa akapoteza biashara, atarudia nyumbani na aibu," aliniambia Mama Chantal. "Mimi ilinifikia. Nilisema haitafikia mwingine." Alisema hivyo huku anasuka kichwa cha mtu, wala hakuinua macho.

Bibi Chen, mwenye nyumba, naye alileta chungu. Kwao mzazi hulishwa tangawizi na mayai yaliyochemshwa ndani ya siki tamu nyeusi. Nilipofunua nikanusa tangawizi, nikafurahi, hata huku wanajua! Nikapakua bakuli, nikamwinua Zuhura. Ndipo likaibuka kwato la nguruwe. Bibi Chen amesimama anatabasamu anasubiri mzazi aonje. Mama Chantal akalichukua bakuli, akalila lote kwa kusifia, akajipiga tumbo. Njeri akamweleza bibi wa watu, naye akashika kichwa kwa huzuni, na siku iliyofuata akarudi na chungu kipya cha mayai matupu. Kikawa hakikauki mpaka naondoka.

Kurudi

Siku za viza yangu ya China zilikwisha na hazikuongezeka. Mtoto alikuwa bado mwepesi mno, daktari akakataza asipande ndege, nisiweze kurudi nao. Mtoto ameitwa Mize, kwa kumtuliza Shangazi, na haikusaidia.

Nililia kwa Zuhura asubuhi ile. Nilimwambia nimeahidi arobaini na siitimizi. Akaniambia, "Dada, zile mbili za kwanza nilikuwa sijawajua hawa." Basi. Nikawaonyesha kina mama namna ya kupika uji, namna ya kumfukiza udi, lini mkaja uruhusiwe. Sefu alinisindikiza uwanja wa ndege. Njia nzima, Dubai na kote, nilikuwa na hofu ya mtoto, na hofu ya kile nitakachomwambia Shangazi. Nilipomwambia, alinipa mgongo.

Siku ya arobaini yenyewe nilikwenda kwake na simu yangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nikapiga, ikaita, nikaiweka sauti ya juu.

"Dada ya Tanga!" ni Mama Chantal, na nyuma yake kelele za kina mama na mtoto analia kwa nguvu, sauti ya mtoto aliyenenepa. "Tuko mulangoni. Zuhura ameoga, amevaa muzuri. Sasa wanabishana hapa. Nani anatangulia kutoka, mama ao mutoto? Na dua tunasoma ndani ao inje?"

Nikaanza kujibu. Ungo wa mchele ulisukumwa, na simu ikanyakuliwa mkononi mwangu.

"Wewe mwanangu, nisikilize mimi," Shangazi alisema. "Huyo hajui kitu. Mtoto kichwa umemfunika? Haya, mfunike. Mshike wewe mwenyewe, tangulia naye, mguu wa kulia..."

Alimwongoza hatua kwa hatua mpaka wakatoka. Tulisikia vigelegele vya lugha tano. Shangazi naye akapiga, pale pale juu ya mchele, machozi yanamtoka, kisha simu ikakatika katikati ya neno. Akaitazama, akanirudishia, na kwa mara ya kwanza tangu anipe mgongo akanisemesha.

"Weka vocha," alisema. "Mwanangu hajamaliza kunieleza."